Dawa hii ina jeneriki? Anza na jina dogo kwenye boksi

Mgonjwa wa presha hamezi dawa wiki moja akamaliza. Anameza kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi hadi mwisho wa maisha yake. Tofauti ya bei ya kidonge kimoja, ambayo siku ya kwanza pale dirishani inaonekana ya kuvumilika, inajirudia mara 365 kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana watu wengi huacha dawa wakiwa bado wanaumwa: fedha zimeisha, au zilizobaki ni za ada ya mtoto. Wengine hupunguza wenyewe, wakameza leo na kuruka kesho, wakiamini nusu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Mwisho wake unaweza kuwa kiharusi.

Kinachouma ni kwamba dawa hiyohiyo aliyoshindwa kuinunua inaweza kuwa imekaa kwenye rafu ya pili ya famasi hiyohiyo, imevaa jina jingine, kwa bei anayoimudu. Hakuipata kwa sababu aliulizia jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na muuzaji akajibu kuhusu jina hilo tu.

Kila dawa ya kampuni ina majina mawili. Ukijua la pili, swali la kama kuna jeneriki, yaani dawa yenye kitu kilekile kinachotibu ila ya kiwanda kingine, linaweza kujibiwa kwa dakika chache. Usipolijua, utazunguka Kariakoo nzima na usipate jibu.

Majina mawili, boksi moja

Chukua boksi la Norvasc. Juu, kwa herufi kubwa, pameandikwa Norvasc, na pembeni kuna herufi R ndani ya duara. Hiyo ni alama ya biashara: jina hili lina mwenyewe, na kampuni ya Pfizer ndiyo iliyolianzisha. Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa amlodipine, kisha 5 mg. Amlodipine haina mwenyewe. Ni jina la kiambato, yaani kitu chenyewe kinachoshusha presha, na karibu kila kiwanda duniani kinachotengeneza kitu hicho hukiita hivyo.

Majina haya ya pili hayakuzuka tu. Mwaka 1950 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliamua kuwe na utaratibu wa kila dawa kupewa jina moja la kimataifa lisilomilikiwa na mtu, na orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1953. Kwa hiyo mfamasia wa Mwanza, wa Bujumbura na wa Muscat wakisikia amlodipine wanafikiria kitu kimoja. Humu nitayaita majina halisi, na nitayaandika kama yalivyochapwa kwenye maboksi, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Jina halisi lina msaada mwingine ambao wagonjwa wachache wameonyeshwa: mkia wake unataja ukoo. Dawa za presha zinazoishia na -dipine, kama amlodipine na nifedipine, ni za ukoo mmoja. Zinazoishia na -pril, kama enalapril na lisinopril, ni ukoo mwingine. Zenye -sartan, kama losartan na valsartan, ni wa tatu, na zenye -olol, kama atenolol, ni wa nne. Dawa nyingi za tindikali ya tumbo huishia na -prazole. Nyingi za kushusha mafuta kwenye damu huishia na -statin.

Mkia huo unakulinda na mkanganyiko unaotokea dirishani kila siku. Mgonjwa anauliza, "Hii Norvasc hamna, kuna nyingine?" Muuzaji anatoa losartan na kusema, "Hii inafanya kazi ileile." Kwa maana moja hajadanganya, kwani zote zinashusha presha. Lakini losartan si jeneriki ya Norvasc. Ni dawa tofauti, ya ukoo tofauti, yenye makatazo yake. Mjamzito, kwa mfano, hatakiwi kumeza dawa za -sartan wala za -pril, kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Kumhamisha mgonjwa kutoka amlodipine kwenda losartan ni uamuzi wa daktari. Kumhamisha kutoka Norvasc kwenda amlodipine ya kiwanda kingine ni kubadili boksi. Kwa hiyo pale dirishani usiulize kama dawa inafanya kazi ileile. Uliza: "Ina kiambato kilekile?" Kisha omba boksi, usome jina dogo kwa macho yako.

Wengi wetu tayari tunatumia majina halisi bila kujua. Mtu anaagiza Panadol, anapewa paracetamol ya kiwanda cha ndani, na kichwa kinapoa vilevile. Flagyl ni metronidazole. Brufen ni ibuprofen. Glucophage, inayoandikiwa watu wa kisukari, ni metformin. Ventolin ya wenye pumu ni salbutamol. Septrin ni cotrimoxazole, na hiyo yenyewe ni muungano wa vitu viwili, sulfamethoxazole na trimethoprim.

Na dawa ya mseto ya malaria, ambayo Watanzania huiita mseto au ALu, ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, Coartem, ni ya kampuni ya Novartis. Ndani yake mna artemether na lumefantrine. Leo hii viwanda vingi vinaitengeneza, na mama anayempa mtoto mseto wa zahanati hajali boksi limetoka kiwanda gani, wala hana sababu ya kujali mradi limesajiliwa. Imani hiyohiyo tuliyonayo kwa mseto tunaikosa ghafla tukifika kwenye dawa za presha na kisukari, na sioni sababu yake.

Namba zilizo mbele ya jina

Kiambato kulingana ni hatua ya kwanza tu. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu makosa mengi huingia kupitia namba.

Tazama Augmentin 625. Hiyo 625 si kipimo cha kitu kimoja. Ni jumla: amoxicillin 500 mg na asidi ya clavulanic 125 mg. Amoxicillin ndiyo inayoua bakteria. Clavulanic inaikinga isivunjwe na bakteria waliokwishajifunza kuivunja. Jeneriki ya Augmentin 625 lazima iwe na vyote viwili kwa vipimo hivyohivyo, na kwenye boksi itaandikwa amoxicillin na clavulanic acid 500 mg/125 mg, au co-amoxiclav. Ukipewa amoxicillin tupu ya 500 mg ukaambiwa ni ileile kwa bei nafuu, si kweli. Umepewa nusu ya wazo la daktari.

Sasa angalia 375. Hiyo ni 250 na 125. Na ile inayoitwa gramu moja ni 875 na 125. Utaona kwamba clavulanic haibadiliki: ni 125 kwenye vidonge vyote vitatu. Kwa hiyo mtu aliyekosa 625 akaamua kumeza viwili vya 375 atapata amoxicillin 500 aliyotakiwa, lakini clavulanic itakuwa 250, maradufu, na clavulanic ndiyo inayosumbua tumbo na kuleta kuharisha. Hesabu ya juu juu inadanganya. Dawa ya maji ya watoto ina mtindo huohuo: 457 mg kwa kila mililita 5 ni 400 na 57, na 228 ni 200 na 28.5. Mzazi anayetafuta jeneriki ya dawa ya maji asome namba zote mbili zilizotenganishwa na mkwaju, kisha aulize mililita ngapi ampe mtoto kutoka kwenye chupa hiyo mpya, kwa sababu chupa mbili za dawa moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti.

Mseto nao una mtego wa namna hiyo, ila huu hauna madhara ukieleweka. Mtu mzima wa kawaida humeza vidonge 24 vya 20/120 kwa siku tatu, vinne vinne, mara sita. Kuna mseto wenye vidonge vikubwa vya 80/480, na dozi nzima ya mtu mzima ni vidonge sita tu. Anayepewa boksi la vidonge sita hajapunjwa. Kila kidonge kimebeba kazi ya vile vinne. Hatari ni ya yule aliyezoea vile vidogo, akapewa vikubwa, akameza vinne kwa mpigo.

Baada ya kiambato na namba, angalia umbo: kidonge, kapsuli, dawa ya maji, sindano, ya kuvuta. Halafu kuna jambo la nne, ambalo hujificha kwenye herufi mbili au tatu baada ya jina. XR, SR, MR, CR, Retard: zote zinasema kidonge kimetengenezwa kiachie dawa polepole kwa saa nyingi. Glucophage XR na metformin ya kawaida zina kiambato kimoja, lakini si mbadala wa moja kwa moja. Ile ya polepole humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida na chakula cha jioni. Ya kawaida hugawanywa mara mbili au tatu. Jeneriki ya Glucophage XR ipo, ila ni ile iliyoandikwa metformin ya kuachia polepole, na kidonge chake hakivunjwi wala kusagwa. Kikivunjwa, dozi ya siku nzima inamwagika mwilini kwa mara moja.

Pa kuangalia

Ukishapata jina halisi, kiasi, umbo na namna ya kuachia, una swali ambalo ofisi yoyote ya dawa inaweza kulijibu.

Mtu wa kwanza wa kumwuliza ni mfamasia, na hapa namaanisha mfamasia mwenyewe, yule mwenye cheti ukutani, wala si lazima kila anayesimama nyuma ya kaunta. Kwenye Duka la Dawa Muhimu muuzaji amefundishwa na ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, lakini kwa dawa za moyo, kifafa au tezi nenda famasi kamili. Muulize: "Kwa kiambato hiki, cha kiasi hiki, mna za viwanda vipi na bei zake?" Swali hilo linamfanya ageukie rafu nzima badala ya boksi moja.

Chanzo cha pili ni daftari la serikali. Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar ina wakala wake, ZFDA. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda ni NDA. Rwanda ni Rwanda FDA. Ofisi hizi husajili kila dawa kabla haijauzwa, na orodha ya zilizosajiliwa ni ya umma. Anayetafuta kwenye orodha aandike jina dogo. Ukiandika Norvasc utapata Norvasc. Ukiandika amlodipine utapata mistari mingi, kila mmoja na jina lake la biashara, kiasi chake, kiwanda na nchi ilikotoka. Ukikuta mistari ya kampuni moja tu, yaani mwenye dawa mwenyewe, basi katika nchi yako jeneriki haijasajiliwa, hata kama nchi ya jirani ipo.

Usajili huo una uzito. Mamlaka hupitia majalada ya dawa, hukagua viwanda hata vya nje ya nchi, na huchukua sampuli sokoni kwenda kuzipima. Desemba 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kuwa udhibiti wake wa dawa umefikia kiwango cha tatu kati ya vinne, maana yake mfumo uliosimama na unaofanya kazi. Watu wanaosema dawa za bei nafuu huingia bila kuangaliwa hawaitendei haki kazi hiyo.

Walio Marekani wana njia rahisi zaidi. Mamlaka ya huko, FDA, huchapisha kitabu kinachojulikana kama Orange Book, na kinapatikana bure mtandaoni. Unatafuta jina la biashara, kinakuonyesha kiambato. Unatafuta kwa kiambato, kinakuonyesha kila kampuni iliyoidhinishwa kutengeneza dawa hiyo. Pembeni kuna msimbo. Ukianza na herufi A, mfano AB, FDA inaihesabu dawa hiyo kuwa sawa na ya awali na inaweza kuwekwa mahali pake. Ukianza na B, bado usawa haujathibitishwa.

Wenye ndugu Marekani wajue pia kwamba majina halisi machache huko ni tofauti na yetu. Paracetamol huitwa acetaminophen, salbutamol huitwa albuterol, na glibenclamide ya kisukari huitwa glyburide. Mzee akitumiwa boksi la glyburide wakati kabatini ana glibenclamide, ana dawa moja mara mbili. Majina ya biashara yana hatari kubwa kuliko hiyo. Flomax ya Marekani ni tamsulosin, ya tezi dume. Italia jina hilohilo limewahi kuuzwa likiwa na morniflumate, dawa ya maumivu na uvimbe. Norpramin ya Marekani ni ya sonona, ya Hispania ilikuwa omeprazole ya tumbo. Kwa hiyo anayeagiza dawa kwa ndugu aliye ng'ambo asitume jina kubwa peke yake. Apige picha upande wa boksi wenye jina dogo na namba.

Kwa nini nyingine hazina

Dawa mpya hulindwa na hataza, haki inayompa mgunduzi muda wa kuwa peke yake sokoni, kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Miaka kadhaa ya hiyo huliwa na utafiti kabla dawa haijafika dukani. Hataza ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa.

Hivyo ndivyo inavyoelezwa kwa ufupi, na ufupi huo unawapoteza wengi, kwa sababu hataza ni za nchi kwa nchi. Sheria ya India ya mwaka 1970 ilikataa kulinda dawa yenyewe, ikalinda njia ya kuitengeneza tu. Viwanda vyake vikatafuta njia nyingine na kufika palepale, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2005. Ndiyo sababu maboksi mengi ya famasi zetu yameandikwa India. Nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo, hazilazimishwi na kanuni za biashara za dunia kulinda hataza za dawa hadi mwaka 2033. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Matokeo yake ni kwamba dawa moja inaweza kuwa na jeneriki halali Dar es Salaam na isiwe nayo New York.

Tena kuidhinishwa si kuuzwa. Eliquis, ya kuzuia damu isigande, ina kiambato cha apixaban. FDA iliidhinisha jeneriki zake za kwanza Desemba 2019. Lakini kesi na makubaliano ya hataza vimezizuia zisiuzwe Marekani hadi Aprili 2028. Anayesoma habari kwamba jeneriki imeidhinishwa, kisha akaikosa dukani, hajadanganywa na muuzaji.

Dawa za kuvuta za pumu huchelewa kwa sababu nyingine: kifaa nacho ni sehemu ya dawa. Advair Diskus, ambayo katika nchi nyingi nje ya Marekani huitwa Seretide, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 na jeneriki yake ya kwanza huko ikaidhinishwa Januari 2019. Kiambato kilijulikana siku nyingi. Kazi ilikuwa kutengeneza kifaa kinachofikisha unga uleule kwenye mapafu kwa kiasi kilekile. Ukibadilishiwa dawa ya kuvuta, mwombe mfamasia akuonyeshe upya namna ya kuivuta, hata kama umeitumia miaka.

Insulini na dawa nyingine zinazotengenezwa kwa chembe hai hazina jeneriki kwa maana tuliyozoea. Zina dawa zinazofanana nazo, ambazo hupimwa kwa utaratibu mwingine, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kuende na daktari.

Na kuna zile za muungano. Exforge ni amlodipine na valsartan ndani ya kidonge kimoja. Muungano huo ukikosa jeneriki mahali ulipo, au ukiwa ghali, vitu vyake viwili huenda vipo kimoja kimoja kwa bei ndogo. Mwulize daktari kama anaweza kukuandikia vidonge viwili badala ya kimoja. Madaktari wengi hukubali, ila mgonjwa asipouliza hawajui kwamba bei inamshinda.

Nafuu na feki ni mambo mawili

Hofu kubwa ya watu wetu ni kwamba ya bei ndogo ni feki. Hofu hiyo ina mizizi: WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Lakini anayetengeneza bandia huiga jina linalouzika, na mara nyingi hilo ni jina kubwa. Jeneriki ni dawa halali iliyosajiliwa kwa jina lake. Bandia ni uongo kuhusu kilichomo au ilikotoka.

Kuchanganya mambo hayo mawili kulikaribia kugharimu maisha Kenya. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 iliandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba jeneriki halali ingeweza kukamatwa kama ghushi. Watu watatu wanaoishi na VVU wakaenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu hivyo, kwa kadiri vilivyogusa upatikanaji wa dawa za jeneriki, vilitishia haki ya uhai, utu na afya iliyo kwenye Katiba. Walikuwa na sababu ya kupigania. Mwanzoni mwa 2001 dawa za kufubaza VVU za kampuni zenye hataza ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Februari mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa shirika la Médecins Sans Frontières kwa dola 350. Kufikia 2017 makubaliano yalishusha kidonge kimoja cha siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir hadi karibu dola 75 kwa mwaka. Majirani na ndugu zetu wengi wako hai kwa sababu ya jeneriki. Siwezi kulizungumza jambo hili kwa ubaridi.

Je, ni sawa kweli na ya awali? Kiwanda cha jeneriki hakirudii majaribio yote ya ugonjwa, na hilo ndilo linaloipunguzia bei. Kinatakiwa kuonyesha kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi ileile. Watu wazima wenye afya, kwa kawaida 24 hadi 36, humeza dawa ya awali, damu yao ikapimwa mara nyingi kwa saa kadhaa. Baada ya kupumzika siku za kutosha wanameza jeneriki na kupimwa tena. Matokeo lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya awali.

Namba hizo zimezua uvumi kwamba jeneriki inaruhusiwa kuwa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Kiasi cha kiambato ndani ya kidonge hupimwa kivyake. Asilimia 80 na 125 ni uzio wa makadirio yote, kingo zake zikiwemo, na ili kingo zote mbili zibaki ndani ya uzio, wastani wenyewe lazima usogee karibu sana na 100. FDA ilipokusanya majaribio 2,070 ya miaka 1996 hadi 2007, tofauti ya wastani katika kiasi kilichoingia kwenye damu ilikuwa takriban asilimia 3.5.

Kuna dawa chache ambazo tofauti ndogo kama hiyo nayo inahitaji uangalizi, kwa sababu nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba: phenytoin na carbamazepine za kifafa, warfarin ya damu, levothyroxine ya tezi ya shingo, digoxin ya moyo. Jeneriki zake zipo na ni nzuri. Kinachotakiwa ni kukaa na kiwanda kimoja kadiri inavyowezekana, na kumwambia daktari kila boksi linapobadilika ili apime kama ni lazima. Mgonjwa wa kifafa aliyetulia asihamishwe boksi kila mwezi kwa kufuata punguzo la bei.

Vitu visivyotibu, kama rangi, wanga na lactose, vinaweza kutofautiana baina ya viwanda, na ndiyo maana kidonge kipya kinaweza kuwa cha njano wakati cha zamani kilikuwa cheupe. Kwa wengi haina maana yoyote. Mwenye mzio aseme. Na Mwislamu anayehofia jelatini ya kapsuli ana haki ya kuuliza imetoka kwa mnyama gani, na kama kuna kidonge cha kawaida chenye kiambato hichohicho. Mara nyingi kipo.

Rangi mpya na jina jipya ndivyo vinavyoleta ajali ninayoihofia kuliko zote. Mama ana Norvasc nyumbani. Anaenda kliniki nyingine, anapewa amlodipine kwa jina la kiwanda kingine, na hakuna anayemwambia kwamba ni kitu kimoja. Anarudi na kumeza zote mbili: 5 mg na 5 mg, jumla 10 mg. Baada ya siku kadhaa miguu imevimba na akisimama anaona kizunguzungu, na familia inasema dawa mpya imemkataa. Paracetamol ni vilevile, imo ndani ya dawa nyingi za mafua, na mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya 500 mg kutoka maboksi yote yakijumlishwa.

Mwambie daktari aandike jina halisi kwenye cheti cha dawa. Miongozo ya matibabu na orodha za dawa muhimu zimeandikwa kwa majina hayo, kwa hiyo humwombi jambo geni. Nyumbani, weka maboksi yote mezani na uandike jina dogo la kila moja kwenye daftari la kliniki, pamoja na namba yake. Jina likijitokeza mara mbili, peleka maboksi yote mawili kwa mfamasia kabla ya dozi inayofuata.